Zoom ya bure kama chumba cha mazoezi ya usaili wa uzamili: inamfaa aliyeko Dodoma?

Inafaa. Kwa mtu anayesubiri usaili wa shahada ya uzamili au uzamivu katika chuo cha nje, au usaili wa ufadhili, toleo la bure linatosha na hakuna haja ya kulipia. Ila inategemea unaitumiaje. Wengi wanaifungua, wanapiga soga ya Kiingereza na rafiki nusu saa, wanafunga na kujiona wameiva. Siku ya jopo wanaulizwa swali lilelile waliloliona jepesi, na ulimi unagoma. Mtu huyo anajua utafiti wake, na Kiingereza amekisoma tangu sekondari. Hajawahi tu kujisikia akijibu. Inauma kuona kijana mwenye alama nzuri na andiko zuri la utafiti anapoteza nafasi kwa jambo ambalo jioni kumi za mazoezi yenye mpangilio zingelimaliza.

Kilichopimwa hapa ni toleo la bure, kwenye kompyuta na kwenye simu ya Android, kwa msailiwa anayeishi Dodoma mjini au kwenye vyuo vya hapa, iwe UDOM, St. John's au Chuo cha Mipango. Bando ni la simu, umeme unaweza kukatika, na paa ni la bati. Hayo yote yana uzito wake kwenye hukumu.

Tuanze na kile watu wanachokilalamikia zaidi, ukomo wa dakika 40. Tangu 2022 ukomo huo unawahusu hata watu wawili tu. Zamani wawili walikuwa wanaongea watakavyo. Kwa mazoezi ya usaili ukomo huu ni faida. Usaili mwingi wa vyuo huchukua dakika 20 hadi 30, kwa hiyo kikao kimoja kinabeba usaili mzima na muda unabaki. Mgawanyo unaozaa matunda ni huu: dakika 3 za kuunganisha na kusalimiana, dakika 15 za maswali, dakika 4 za kimya ambazo kila mmoja anaandika alichokiona, kisha dakika 15 nyingine za maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Duru ya pili ndiyo yenye mafunzo. Jibu ulilolikariri litajitokeza neno kwa neno, nawe utalisikia jinsi lilivyo baridi. Jibu unalolielewa litakuja kwa maneno mengine na maana ileile.

Kurekodi ndiko kunakoipa Zoom ushindi dhidi ya washindani wake wa bure. Kwenye kompyuta, toleo la bure linakuruhusu kurekodi na kuhifadhi faili ndani ya mashine yako. Google Meet ya bure haina huduma hiyo. Kwenye simu Zoom ya bure hairekodi, kwa hiyo asiye na kompyuta aweke simu ya pili mezani na kuwasha kinasa sauti chake. Faili la kompyuta hukaa kwenye folda iitwayo Zoom, ndani ya folda ya nyaraka, na hutengenezwa baada ya kikao kufungwa. Hapo ndipo watu wanapoteza kazi yao. Wanafunga kikao na kuzima mashine papo hapo, au chaji inaisha kabla ya ubadilishaji kumalizika. Wakifungua folda wanakuta faili lenye jina linaloanza na "double_click_to_convert" badala ya video. Usilifute. Washa mashine, lifungue kwa kubofya mara mbili, uliache liendelee. Mara nyingi kazi yako inarudi. Kwenye mipangilio ya kurekodi kuna pia kisanduku cha kuhifadhi sauti ya kila mshiriki katika faili lake. Kiweke alama. Ukibaki na sauti yako peke yake unapima urefu wa kila jibu bila kuhangaika, na jibu la "tueleze habari zako" likivuka sekunde 90, likate.

Kuna jambo moja kuhusu rekodi ambalo wengi hawalijui. Ukirekodi kwenye mashine yako mwenyewe, sauti yako inaingia moja kwa moja kutoka kwenye maiki, haijapita kwenye mtandao. Kwa hiyo rekodi itakuwa safi hata kama mwenzako alikuwa anakusikia kwa vipande. Utaridhika bure. Rekodi inayosema kweli ni ya upande wa pili. Mwenye kikao anaweza kumruhusu mshiriki kurekodi, basi mpe mwenzako ruhusa hiyo arekodi kwake, kisha akutumie faili la sauti tu kwa WhatsApp. Sikilizeni zote mbili. Yako inakuonyesha lugha, yake inakuonyesha mtandao.

Sasa lugha yenyewe. Ukisikiliza rekodi tatu za msailiwa yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili, makosa yanayojirudia ni machache na yanafahamika. Mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu chenyewe, ambacho kina kanuni zake nzuri zinazogongana na za Kiingereza.

La kwanza na la hatari kuliko yote ni swali la kukanusha. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hujaanza kukusanya data?" na kweli hujaanza, unajibu "Ndiyo," yaani ni kweli, sijaanza. Kwa Kiingereza ukijibu "Yes" hapo, jopo linaelewa kwamba umeanza. Dakika mbili baadaye unaeleza mpango wa kwenda kukusanya data, nao wanaangaliana. Wanaanza kutilia shaka ukweli wako, wakati shida ilikuwa neno moja. Dawa yake ni kuacha kabisa kujibu kwa "Yes" au "No" tupu. Jibu kwa sentensi: "I have not started yet. I will start in July." Mwambie mwenzako aingize angalau maswali manne ya kukanusha katika kila kikao, bila kukuonya.

La pili ni yeye. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye," kwa hiyo ukimzungumzia msimamizi wako wa utafiti, ambaye ni mama, ulimi unasema "he" kisha "she" ndani ya sentensi moja. Kwenye maandishi hukosei kwa sababu una muda. Kwenye usaili unakosea. Badala ya kupigana na kiwakilishi, taja cheo na jina: "Professor" fulani, "my supervisor." Rudia jina hata mara tatu, haina ubaya wowote.

La tatu ni mkazo wa neno. Kwa Kiswahili mkazo huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, na tunauhamishia kwenye Kiingereza. Neno "analysis" tunalitamka kwa mkazo kwenye "ly" ilhali linapaswa kukazwa kwenye "na." "Hypothesis" hukazwa kwenye "po," "significant" kwenye "ni," "policy" mwanzoni kabisa. Lafudhi haimwangushi mtu, na hakuna sababu ya kuigiza Mwingereza. Jopo linasikiliza watu wa dunia nzima. Kinachowapoteza wasaili ni mkazo, hasa kwenye maneno ya fani, kwa sababu msikilizaji wa Kiingereza hulitambua neno kwa mkazo wake. Chagua maneno 20 yanayobeba utafiti wako, si zaidi, uyaandike na kupigia mstari silabi yenye mkazo. Yafanyie mazoezi ndani ya sentensi. Ukilitamka neno peke yake utalipata, ukiliweka kwenye sentensi linarudi kulekule.

Irabu nazo. Kiswahili kina tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo "live" na "leave" vinatoka sawa. "I live in Dodoma" ikisikika kama unaondoka Dodoma, mtu ataelewa kwa muktadha. Lakini "work" na "walk," "farm" na "firm" vinachanganya kwelikweli kwa anayeeleza utafiti wa kilimo au wa biashara. Pale jozi kama hiyo inapokukuta, ongeza neno la kulinda: badala ya kusema "farm" tupu, sema "sorghum farm."

Halafu namba. Hapa watu wazima na akili zao wanakwama kwa sababu ya laki. Kichwani una "laki mbili na nusu," unaanza kusema "two..." unasimama, unahesabu sifuri, na ukimya unaingia. Kiingereza hakina laki. Kila namba iliyo kwenye andiko lako iandike kwa maneno ya Kiingereza kabla ya mazoezi: 250,000 ni "two hundred and fifty thousand." Vilevile gunia na debe havina maana kwa profesa aliyeko Glasgow, vigeuze kilo. Ekari zinaeleweka Uingereza na Marekani, ila kwa Ulaya bara zitaje kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu.

La mwisho ni adabu yetu. Sisi hujifunza mapema kutojisifu, kwa hiyo msailiwa anasema "tulifanya utafiti, tulichambua, tuliandika" hata kama alifanya peke yake usiku na mchana. Jopo linataka kujua wewe ulifanya nini. Sikiliza rekodi na kuhesabu "we" na "I." Kama kazi ilikuwa ya kundi, tenganisha wazi: kundi lilikusanya data, mimi niliandika dodoso na kufanya uchambuzi. Hiyo ni kusema kweli, si majivuno. Na "come again," tuliyoizoea hapa tusiposikia swali, iache nyumbani. Masikioni mwa wengi inasikika kama amri. Kuliko kuomba swali zima lirudiwe, onyesha kipande ulichokisikia: "Do you mean the sampling, or the interviews?" Hapo umepata swali tena, na wao wameona kwamba unasikiliza.

Maandishi ya papo hapo, yale yanayojiandika chini ya skrini mtu akizungumza, yapo hata kwenye toleo la bure, lakini lazima uyaruhusu kwanza kwenye mipangilio ya akaunti kupitia tovuti. Chagua Kiingereza kuwa lugha ya kuzungumza. Nayakubali kwa tahadhari. Mashine haikuzoea lafudhi za Afrika Mashariki, na itakosea hata pale binadamu anapokuelewa vizuri. Itumie kama fununu tu: neno la fani likiandikwa vibaya mara tatu katika vikao vitatu, mwulize mwenzako kama yeye alilisikia. Akikubali kwamba lilimpita, lifanyie kazi. Asipokubali, achana nalo. Kosa kubwa ni kuyaacha maandishi hayo wazi wakati unaulizwa. Macho yanasoma, masikio yanalala, na hakuna hakika kwamba siku ya jopo yatakuwepo. Yazime upande wako, uyasome baadaye.

Kwenye sauti Zoom inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Msimu wa usaili wa vyuo vingi vya Marekani na Ulaya ni Januari hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi yetu ya mvua. Mvua ikigonga bati, husikii hata redio. Programu ina kichuja kelele kinachojiendesha, na kinaondoa sehemu kubwa ya muungurumo huo, lakini kikikazwa kinakula pia sauti nyembamba zinazofanana nao: "s," "f," "th," na ncha za maneno. Kwa Kiingereza ncha ya neno ndiyo yenye wingi na wakati uliopita. "Farmers" inabaki "farmer," "collected" inabaki "collect," na jopo linakuhesabia kosa la sarufi ambalo hukulifanya. Usiweke kichuja kwenye kiwango cha juu kabisa. Kipunguze, na badala yake sogeza maiki karibu. Hedifoni za waya zenye maiki, hizi za kawaida za simu, zikikaa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni zinashinda maiki ya kompyuta iliyo nusu mita mbele yako. Zizuie zisisugue kola ya shati. Za bluetooth zinaisha chaji katikati ya safari na wakati mwingine hukataa kuunganishwa dakika ya mwisho, hivyo kwa kazi hii sizipendekezi.

Kama chumba chako hakina dari chini ya bati, tafuta kingine mapema: ofisi ya rafiki yenye dari, chumba cha seminari chuoni, au chumba cha chini katika jengo la ghorofa. Kiangazi shida inahama. Unakuja upepo wa Dodoma na vumbi lake, madirisha yanagongana na karatasi zinaruka. Funga dirisha, tandika shuka au kanga mezani na nyingine ukutani nyuma ya kompyuta. Mwangwi wa chumba kitupu chenye sakafu ya saruji unapungua mara moja.

Bando halipotei kama watu wanavyoogopa. Zoom inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kila upande kwa video nzuri ya watu wawili. Ukipiga hesabu, kikao cha dakika 40 kinakula takriban MB 360. Sauti peke yake haifiki MB 50. Kwa hiyo fanya vikao vingi kwa sauti, na video uiweke kwa vikao vitatu au vinne vya mwisho. Kinachomaliza bando ni kompyuta yenyewe, inayoona hotspoti na kuanza kujisasisha. Kwenye Windows, uandikishe mtandao huo kuwa ni wa kupimwa matumizi, na masasisho makubwa yatasubiri.

Halafu ipo shida ya simu inayoita. Kwenye simu na laini nyingi zisizopitisha sauti kwa 4G, simu ikiingia data inashuka au inasimama, na hotspoti nayo inasimama. Shangazi anakupigia kukutakia heri na wewe unatoweka mbele ya maprofesa watatu. Hotspoti itoke kwenye laini ambayo hakuna anayeijua namba yake, ikiwa peke yake kwenye simu hiyo. Simu yako ya kawaida iweke mbali, kimya. Ndani ya Zoom, kwenye mipangilio, kuna ukurasa wa takwimu unaoonyesha ucheleweshaji wa sauti, mtikisiko na pakiti zinazopotea, yaani vipande vya data visivyofika. Uangalie kikao kikiendelea. Pakiti zinazopotea zikivuka asilimia 2, sauti inaanza kukatika. Hamia mtandao mwingine au sogea dirishani. Ucheleweshaji hauwezi kuumaliza, kwa kuwa umbali ni umbali. Ujifunze kusubiri sekunde moja nzima baada ya swali kabla hujafungua mdomo, vinginevyo mtagongana kila mara, na anayegongana na mwenyekiti wa jopo anaonekana hana subira.

Umeme nao uufanyie mazoezi. Kompyuta iwe na chaji kamili, simu ya hotspoti iwe kwenye pawabenki, na linki ya kikao iwe wazi pia kwenye simu ya pili. Simu hiyo ikiingia, isiunganishwe sauti mpaka itakapohitajika. Vifaa viwili vyenye sauti ndani ya chumba kimoja vinapiga mwangwi mkali. Katika vikao viwili mwenzako akukate makusudi katikati ya jibu. Ukirudi, omba radhi kwa sentensi moja, taja ulipoishia, endelea. Anayeeleza habari za umeme na mtandao kwa dakika mbili anapoteza dakika mbili za kujieleza.

Saa ndiyo inayoangusha hata walio tayari. Kwanza, akaunti ya Zoom ina mpangilio wake wa majira. Kama uliifungua ukaacha majira ya nchi nyingine, ratiba itakuonyesha saa isiyo yetu. Weka Nairobi, saa zetu ni zilezile. Pili, saa za wenzetu zinahama. Usaili wa saa 10:00 asubuhi kwa majira ya mashariki ya Marekani, ukiwa Februari, ni saa kumi na mbili jioni Dodoma. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, na usaili huohuo unakuwa saa kumi na moja jioni. Uingereza wanasogeza Jumapili ya mwisho ya Machi: saa 2:00 mchana ya London ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi jioni baada ya hapo. Tatu, sisi wenyewe. Ukiandika kwenye daftari "saa 5," mtu wa nyumbani atakayekuamsha au kukupeleka kwa bodaboda ataelewa saa tano ya Kiswahili. Andika "saa kumi na moja jioni" kwa maneno, ubandike ukutani.

Sasa upungufu wake mkubwa: Zoom inakupa chumba, haikupi msaili. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kulipia huduma za maandalizi, za mtandaoni na za hapa mjini. Baadhi ni nzuri. Nyingine zinauza majibu yaliyoandikwa tayari, na hizo zinaharibu kuliko kusaidia, kwa sababu jopo limeyasikia majibu hayo kwa watu wengine. Kabla hujatoa hela uliza mambo matatu. Nani hasa ataniuliza maswali, na amewahi kukaa kwenye jopo au kusoma katika ngazi hiyo? Atasoma andiko langu kabla ya kikao? Atauliza maswali ya kufuatilia jibu langu, au anasoma orodha? Ukipewa jibu la kuzungukazunguka kwenye la tatu, bakiza hela yako.

Msaili wa bure anapatikana. Mtafute mtu wa fani nyingine kabisa. Kama utafiti wako ni wa mtama Kongwa, mtu wa sheria atakufaa kuliko mwenzako wa kilimo, kwa kuwa atauliza kile ambacho mwenzako anakichukulia kuwa kinajulikana. Mpe maswali ya msingi: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, kwa nini usisomee nyumbani, ulishindwa wapi na ulifanya nini. Kisha mpe silaha nne za kufuatilia: Kwa nini njia hiyo na si nyingine? Matokeo yakija kinyume utafanyaje? Nani mwingine ameshalifanyia kazi jambo hili? Unaweza kunipa mfano mmoja? Kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, aongeze uongozi, mtandao wa watu na mpango wa kazi, tena akudai tukio halisi lenye mwanzo na mwisho, na akuulize utakachofanya katika ile miaka miwili unayotakiwa kurudi nyumbani. Programu za akili unde zinaweza kukutungia maswali mengi kwa dakika moja, na kwa hilo nazikubali. Kama wasaili hazitoshi. Zina subira kupita kiasi, hazikatizi, na husifia jibu ambalo binadamu angelikunjia uso.

Usilazimishe Zoom pale ambapo chuo kinatumia kitu kingine. Barua ikisema Teams, vikao vitatu vya mwisho viwe kwenye Teams, maana vitufe viko mahali tofauti na mikono inazoea. Baadhi ya shule za biashara hazina mtu kabisa upande wa pili: swali linatokea kwenye skrini, unapewa muda mfupi wa kufikiri, kisha unajirekodi, mara nyingi bila nafasi ya kurudia. Kwa usaili wa namna hiyo Zoom haisaidii. Chukua simu, geuza kamera ikutazame, tega sekunde 45 za kufikiri na sekunde 90 za kujibu, na usijiruhusu kurudia hata ukikosea neno la kwanza.

Ukiwa umebakiwa na siku mbili, fanya kikao kimoja cha mwisho katika chumba chenyewe, kwa saa ileile ya usaili, ukiwa umevaa nguo utakazovaa. Saa ileile ni muhimu kwa Dodoma. Jua la saa kumi jioni linaingia dirishani kwa ukali na kukufanya kivuli kama liko nyuma yako. Geuza meza ulitazame dirisha, weka pazia jepesi. Pandisha kompyuta kwa vitabu mpaka kamera ilingane na macho. Ficha picha yako mwenyewe kwenye skrini ili uache kujitazama. Angalia jina linaloonekana chini ya picha liwe lile lililo kwenye fomu ya maombi, maana mwenye kikao anayeona jina la utani kwenye chumba cha kusubiri anaweza asikufungulie. Sikiliza nje: adhana iko saa ngapi, kwaya jirani inafanya mazoezi siku gani, mashine ya kusaga inawashwa lini. Waambie walio nyumbani. Baada ya kikao hicho usisikilize rekodi. Zima mashine baada ya faili kukamilika, ukaweke kila kitu kwenye chaji.